Boti iliyotumika: kagua mbao usizoziona kabla ya mashine

Mkuu, umesema umepata boti ya faiba ya mita 5 na nusu yenye mashine ya nje, rangi inang'aa, muuzaji kaiwasha mbele yako ikaitika mara moja, na sasa unauliza kama ulipie. Kwa hayo uliyoeleza siwezi kukwambia ndiyo. Rangi na mlio wa mashine ni vitu ambavyo muuzaji yeyote anaweza kuvirembesha ndani ya siku mbili.

Nimekaa na boti zilizotumika miaka mingi, za kwangu na za jamaa wanaonibeba kwenda kuwakagulia. Nyingi nilizoona zikiishia kutelekezwa hazikuuawa na mashine. Mashine inafunguliwa, inatengenezwa, ikishindikana unafunga nyingine. Kinachomaliza boti ya faiba ni mbao zilizofichwa ndani yake. Boti nyingi za zamani, ingawa kwa nje unaona faiba tupu, zina plaiwudi iliyofunikwa: ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, mihimili inayopita chini ya sakafu, na mara nyingi sakafu yenyewe. Mtu anatoboa tundu afunge kifaa cha kupima kina, halizibwi vizuri, maji yanapenya taratibu, na ubao unaoza huku nje kukiwa kunapendeza.

Kwa hiyo siku ya kwanza achana na mashine. Boti ikiwa nchi kavu, panda, tembea sakafu nzima pekupeku. Panapobonyea chini ya mguu, pana tatizo, hata muuzaji akikwambia ni zulia. Kisha chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge ukuta wa nyuma na sehemu ya chini. Anza kugonga sehemu ya juu ambayo haikai majini ili sikio lishike sauti ya mahali pazima: ni kali na kavu. Ukikuta sauti butu, mbao zimeoza au tabaka zimeachana.

Bado upo nyuma ya boti. Inua mashine kiasi, shika ile sehemu ya chini yenye gia, isukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzio akiuangalia ukuta. Ukuta ukicheza, au ukiona nyufa kwenye kona zake zinafunguka na kujifunga, shukuru na uondoke. Kuubomoa na kuujenga upya ni kazi inayoweza kula pesa kuliko boti yenyewe. Muuzaji akikubali, fungua skrubu moja ya chini karibu na tundu la kutolea maji. Yakichuruzika maji ya rangi ya chai, umeshapata jibu lako.

Nyufa ndogo ndogo zilizosambaa kuzunguka pale pa kufungia kamba mara nyingi ni za ngozi ya juu tu. Mimi naogopa zile ndefu zinazofuata mstari wa muhimili. Malengelenge machache chini ya usawa wa maji yasikukimbize, ila yakiwa mengi yatumie kushusha bei.

Tukija kwenye mashine: mpigie muuzaji mapema, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, iguse kwanza. Ukiikuta ina joto, jiulize alikuwa anaficha nini, maana mashine iliyochoka husumbua zaidi ikiwa baridi. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote. Namba yenyewe hutegemea aina ya mashine, cha kuangalia ni zikaribiane. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, tafuta sababu. Toa mafuta ya gia kidogo kwa skrubu ya chini. Yakiwa meupe meupe, maji yameingia kupitia sili, ile mipira inayozuia maji yasipenye. Ikiwashwa, iwe ndani ya maji au imeunganishwa na mpira wa maji, na ule mchirizi wa maji ya kupoza utoke kwa nguvu. Uliza impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, ilibadilishwa lini. Asiyejua, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Halafu tazama anodi, vile vipande vya metali laini vinavyoliwa na kutu badala ya mashine. Zikiwa zimeisha kabisa, mwenye boti hakuwa mtunzaji. Zikiwa zimepakwa rangi, hakujua hata kazi ya anodi, kwa sababu rangi inazizuia kufanya kazi. Na usidanganyike na saa chache kwenye mita: mashine iliyokaa miaka bila kuguswa hukausha mpira na sili, na petroli iliyolala huziba kabureta. Mimi ningechukua yenye saa nyingi na daftari la huduma.

Kuijaribu majini ni lazima, na ipakie watu kama utakavyoipakia siku zako. Ukifungua mafuta yote, mizunguko ifike kiwango cha kitabu chake. Mashine nyingi za nje ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Isipofika, huenda propela si saizi yake, chini kumeota uchafu, au mashine imechoka. Mkirudi, chungulia ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika: yameongezeka? Pampu inajiwasha yenyewe? Nusa pia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama huko chini, na cheche moja inatosha. Mipira ya mafuta iliyopasuka na nyaya zilizoungwa kwa tepu zote zihesabiwe kwenye bei.

Trela watu huisahau: zungusha magurudumu usikilize beringi, gonga fremu upande wa ndani ambako kutu hujificha.

Karatasi ziendane na namba iliyo kwenye bodi na ile ya mashine. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina namba ya herufi na tarakimu 12, upande wa kulia wa nyuma. Ikiwa imekwanguliwa, usiendelee na mazungumzo. Na kama ni boti yako ya kwanza, lipa mkaguzi, umchague wewe mwenyewe, asiwe rafiki wa muuzaji.

Kabla hujatoa advansi, piga picha kona za ule ukuta wa nyuma na mafuta ya gia, uziweke hapa tuzione.