Re: Konrodi zinabana baada ya kuchonga kranki, Beetle 1300

Habari mkuu. Nimekusoma: kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) imechongwa saizi ya kwanza, yaani imepunguzwa milimita 0.25, beringi mpya ziko ndani, lakini ukikaza nati konrodi mbili (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) hazizunguki kwa mkono.

Usikimbilie kurudisha kranki kwa mchongaji. Anza na namba zilizogongwa ubavuni: ya konrodi na ya kepu yake (nusu ya chini inayoifunga kwenye kranki) lazima zifanane na zikae upande mmoja. Injini yangu, nilipoifunga hapa Nyakato, fundi alichanganya kepu mbili na tulipoteza siku nzima tukilaumu beringi. Namba zikiwa sawa, kaza nati, kisha gonga konrodi taratibu kwa nyundo ndogo pande zote mbili za maungio. Kepu hukaa vibaya kidogo inapokazwa, na mara nyingi hapo tu inaachia.

Bado inabana? Geuza beringi usome mgongoni, iandikwe 0.25. Shingo ya kranki (sehemu ya duara inayoshikwa na konrodi) ya kiwandani ni milimita 55, kwa hiyo sasa mikromita isome karibu 54.75. Pima sehemu mbili zinazokatana kama msalaba. Tofauti ikizidi milimita 0.03, shingo si duara tena. Vernia ya kawaida haitoshi kwa kazi hii, azima mikromita.

Halafu toa beringi, kaza kepu tupu, pima tundu la konrodi kwa pembe tatu. Likiwa yai, konrodi hiyo usiifunge.

Uchezaji wa konrodi ubavuni, ikiwa kwenye kranki, uwe milimita 0.1 hadi 0.4. Na pima uzito konrodi zote nne: zisipishane zaidi ya gramu 10.

Tuwekee vipimo vyako hapa tuvitazame.