Binamu yangu amekuwa Mskoti?

SWALI: Mhariri, binamu yangu yuko Glasgow, Uskoti, anasema chama cha SNP, yaani chama cha taifa kinachotaka Uskoti ijitenge na Uingereza, kinamhesabu Mskoti kabisa, sasa mi hapa Jinja najiuliza, chama cha taifa si ni mambo ya damu na ukoo?

JIBU: Hapana ndugu yangu, msimamo wa SNP ni kwamba ukiishi pale na ukaona ndo kwenu basi we ni wao, ndo maana kura ya uhuru wa Uskoti ya 2014 walipiga wakazi kuanzia miaka 16, hata wa kutoka nchi za Jumuiya ya Madola kama yetu, ila Mskoti wa kuzaliwa anayekaa London hakupiga! Hilo linanigusa sana, huku kwetu mtu kazaliwa Kampala bado anaulizwa kwenu wapi. Plaid Cymru, chama cha taifa cha Wales, nao tangu 1925 wameipigania sana lugha yao, na lugha mgeni anaweza kujifunza.