Mguu wa Moto: Yaliyonisaidia na Yaliyoniumiza Nilipougua Sayatika

Wiki ya pili ya Februari nililala nimepiga magoti. Kifua juu ya godoro, mikono nimeinyoosha mbele, magoti sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa. Nikijilaza chali, mguu wa kulia unawaka kutoka tako hadi kidole kidogo. Nikigeukia ubavu, mambo ni yale yale. Nikikohoa, ni kama waya wa moto umepitishwa pajani. Mume wangu alizinduka saa tisa usiku akanikuta hivyo, akadhani naomba, akanyamaza asinikatize.

Namwandikia aliye katika hali hiyo leo. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Bondeni, Nakuru. Sina udaktari wowote, ila milango mingi ambayo watu watakuelekeza nimeshaigonga, na najua ni ipi iliyonipotezea muda na pesa.

Ilianza Januari, msimu wa sare za shule. Wazazi wamejaa mlangoni, kila mmoja anataka ya mtoto wake kesho. Niliinama nikainua jora la kitambaa cha kaptula kutoka sakafuni, nikageuka nalo kuliweka rafuni bila kusogeza miguu. Sikusikia mlio wala nini, kiuno kilikaza tu. Nikashona hadi usiku. Siku ya tatu kiuno kikaacha kuuma, nikashukuru Mungu. Jioni hiyo hiyo mguu ukaanza. Hapa ndipo wengi hupotea: kiuno kimetulia, mguu unauma, basi mtu anausugua mguu dawa wiki nzima ilhali mguu wenyewe hauna kosa.

Neva ya siatiki, ile inayouma mtu akiwa na sayatika, ndiyo nene na ndefu kuliko zote mwilini. Mizizi yake hutoka chini ya uti wa mgongo, huungana ndani ya nyonga, hupita chini ya tako, hushuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna diski, kama kijimto laini chenye ute katikati. Ukingo wa diski ukipasuka, ute hutokeza na kugusa mzizi wa neva, mara nyingi kwenye diski mbili za chini kabisa za kiuno. Neva inabanwa, halafu inachokozwa pia na uvimbe unaoletwa na ule ute. Ndiyo maana maumivu yake ni ya kuunguza, yenye shoti na ganzi, tofauti kabisa na uchovu wa mgongo tuliouzoea sisi watu wa cherehani.

Kuna jambo nililolijua nimechelewa, nikalia: mwili wenyewe huula ule ute uliotokeza, polepole, wiki baada ya wiki. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila kupasuliwa. Laiti ningeambiwa mapema. Maumivu yale yanatisha kwa sababu unadhani ndiyo maisha yako mapya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulala. Mama mkwe alisema sakafu ngumu hunyoosha mgongo, nikalala mkekani siku nane nikiinuka kwa ajili ya choo tu. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo walivyolelewa. Siku ya tisa nilikuwa dhaifu, mgongo umekauka kama ubao, na mguu unauma vile vile. Siku moja au mbili za kupumzika maumivu yakiwa makali hazina ubaya. Zikizidi, unapoteza nguvu ambazo neva itazihitaji.

Kosa la pili ni kemisti. Nilikuwa nachechemea hadi pale kila baada ya siku moja, nachomwa sindano ya diklofenaki takoni, napewa na bahasha ya kaki yenye vidonge vya rangi tatu, imeandikwa 1x3. Sikuuliza ni vya nini. Nafuu ilikuwa ya masaa. Wiki ya pili tumbo likaanza kuniunguza usiku, na ndipo nikajua kwamba vidonge viwili kati ya vile vitatu vilikuwa jamii moja na ile sindano. Dawa hizo zikirundikwa huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Tena sindano ya takoni ikichomwa mahali pasipofaa huweza kuigusa neva hiyo hiyo ya siatiki. Nilikuwa nampa mtu ninayemjua kwa sura tu ruhusa ya kuchoma karibu na kidonda changu.

La tatu nalisema kwa kifupi kwa sababu bado linaniuma. Nilipelekwa kwa mkandaji anayesifiwa. Siku ya kwanza alinipaka mafuta ya moto, nikasikia raha. Siku ya pili alinipanda mgongoni kwa miguu. Niliondoka pale nikiburutwa. Kukandwa misuli kwa upole hakuna tatizo. Mtu asikukanyage uti wa mgongo, na asikuvute mguu kwa nguvu.

Mwishoni mwa Februari nilienda hospitali ya umma, nikaelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Alinilaza chali akaniinua mguu umenyooka. Kabla haujafika nusu nikapiga kelele. Akanigonga goti na kisigino kwa kinyundo. Akanitembeza kwa vidole, kisha kwa visigino. Halafu akauliza swali nililoona la aibu: "Mama, ukienda haja ndogo, unausikia mkojo ukitoka? Ukijipangusa, unahisi karatasi?"

Nakuomba ulishike swali hilo. Ukianza kushindwa kukojoa, au mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua, au sehemu zote zinazogusa tandiko mtu akikalia baiskeli zimekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea, usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda idara ya dharura usiku huo huo, useme dalili hizo kwanza kabla ya kutaja maumivu. Huenda neva za mwisho wa uti zimebanwa, na upasuaji ukichelewa madhara huweza kubaki maisha. Wayo unaoanza kuburuza, usioinuka mbele, nao uonwe haraka. Kwa upande mwingine, mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda unahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, maana TB huingia hata kwenye pingili. Na aliyewahi kuugua saratani aseme hivyo waziwazi.

Mimi sikuwa na hata moja. Nikamwambia, "Daktari, nataka dawa itakayoyaua haya maumivu kabisa." Akaniuliza, "Mama, nikikupa nafuu ya saa nne tu, utazifanyia nini?" Nikajibu haraka kwamba nitalala. Akatikisa kichwa. "Utatembea."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Hadi siku hiyo nilipima dawa kwa kuuliza: je, maumivu yameisha? Kwa kuwa hayakuisha, niliongeza nyingine, na nyingine. Nikaanza kupima kwa swali jingine: je, imenipa nafasi ya kufika langoni na kurudi? Daktari wa hospitali ile ile aliniandikia ibuprofeni, dawa ya maumivu, kwa siku chache baada ya kuniuliza kuhusu vidonda vya tumbo, figo na presha, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Nilikunywa baada ya uji wa asubuhi, nikasubiri kama dakika arobaini, nikatoka. Siku ya kwanza dakika tano. Nikirudi, nalala kifudifudi, najiinua kwa viwiko, napumua. Jioni tena. Wiki ya tatu nilivuka barabara ya lami. Wiki ya sita nikafika karibu na Uwanja wa Afraha na kurudi bila kukaa chini.

Zoezi lile la viwiko lina siri yake, na ndiyo iliyonitoa hofu. Angalia maumivu yanahamia wapi. Yakiacha wayo yakapanda gotini, kisha pajani, hata kama tako linauma zaidi kuliko jana, ni habari njema. Yakishuka kuelekea wayo, zoezi hilo si lako, liache umwambie mtaalamu. Kuna watu ambao kuinama mbele ndiko kunakowapa nafuu, hasa wazee ambao mfereji wa uti umekuwa mwembamba. Usinakili langu bila kupimwa.

Kuhusu dawa nyingine. Parasetamoli haikunifanyia kitu. Kabla ya hospitali nilikuwa nimeuziwa pia pregabalini, wakasema ni dawa ya neva. Nilichopata ni kizunguzungu, na mimi kazi yangu ni pasi ya makaa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2017 utafiti wa Australia uliwalinganisha wagonjwa 209 wa sayatika, wengine wakipewa pregabalini na wengine kidonge kisicho na dawa, na maumivu ya mguu hayakutofautiana. Waliopewa dawa ndio waliopata madhara zaidi. Kama unaitumia, usiikate ghafla, muulize daktari namna ya kuipunguza. Na zile poda za miti shamba zinazoondoa maumivu usiku mmoja, jihadhari nazo. Katika nchi mbalimbali zimepatikana zikiwa zimechanganywa kisirisiri na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe.

Watu wataniuliza kuhusu MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na upasuaji. Nilitaka sana picha, hata nikaanza kuomba mkopo kwenye chama. Daktari aliniuliza picha itabadilisha nini wiki hii, kwa sababu watu wengi wasio na maumivu yoyote nao huonekana wana diski zilizotokeza. Picha ina kazi yake kama kuna dalili za hatari, au kama wiki zimepita na sindano ya uti au upasuaji unafikiriwa. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2007 uliwafuata watu 283: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa karibu sawa na waliosubiri. Basi si kwamba upasuaji ni mbaya. Mtu ambaye hawezi kabisa kuishi na yale maumivu ana haki ya kuuchagua. Mimi nilichagua kusubiri kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona lango likisogea.

Nyumbani ndiko vita vilikokuwa, na hakuna aliyeniandaa kwa choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mume wangu alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu katikati kwa kisu kilichopashwa moto, akazungusha kitambaa kwenye kingo. Kile kiti kilinisaidia kuliko sindano zote za kemisti. Tena kujikamua kunaongeza maumivu, na dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji, kula mapapai na mboga. Beseni la kuogea nililiweka juu ya stuli. Jiko nikalipandisha mezani. Maji nilichota kwa mitungi ya lita tano, miwili, mmoja kila mkono, badala ya ule wa ishirini. Kulala, mto katikati ya magoti nikiwa ubavuni, au chini ya magoti nikiwa chali. Kuamka, unajiviringisha ubavu kwanza, unashusha miguu, unajisukuma kwa mkono. Chafya ikija, shika ukuta, kunja magoti kidogo, usiiname. Asubuhi za baridi, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso ilinilegeza kiuno kabla ya kutembea.

Boda boda niliacha kabisa. Machi tulikuwa na mazishi Kisumu; nilimwomba dereva wa matatu kiti cha mbele, nikaweka leso iliyokunjwa nyuma ya kiuno, na tulipofika Kericho nikashuka kunyoosha mguu abiria wengine wakinunua chai. Kiti cha nyuma kabisa kinarusha mno kwenye matuta. Usione haya kuomba.

Na waambie watu wako. Sayatika haina bandeji. Shemeji yangu alidhani nakwepa kazi, hadi aliponikuta chooni nimeshindwa kuinuka, akanishika kwapa akanitoa. Tangu siku hiyo alifua yeye, bila kuombwa.

Aprili nilirudi kwenye cherehani, nusu siku. Niliinua meza kwa matofali mawili, nikabadilisha kiti, nikajizoeza kukanyaga pedeli kwa mguu wa kushoto pia. Kila nikimaliza kaptula moja nasimama, nakata uzi nikiwa wima.

Sasa ni Novemba na majora ya sare yameanza kuingia. Kijana wa mkokoteni ndiye anayeyapandisha rafuni, namlipa kwa kila safari, na yale mazito nimemwambia ayaache juu ya meza ya kukatia. Kidole kidogo cha mguu wa kulia bado kina ganzi. Nikivaa soksi nakigusa kama cha mtu mwingine. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, natembea kwa visigino kutoka kitandani hadi dirishani, hatua sita, nikitazama kama vidole vya miguu yote miwili vinainuka sawa.