Jibu: Sosaiti yatuzuia kupeleka maziwa kiwanda kingine

Habari ndugu mfugaji. Nimekuelewa hivi: sosaiti yenu (chama cha ushirika cha wafugaji) ya Nyandarua inauzia maziwa kiwanda kimoja, nyinyi mmepata kingine chenye bei nzuri zaidi, na kamati inatishia kuwafukuza mkihama.

Kabla ya kubishana bei, tafuta sheria ndogo za sosaiti na fomu uliyotia sahihi ulipojiunga. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya (Sura ya 490) inaruhusu chama kumfunga mwanachama kwa mkataba auze mazao yake kupitia chama, na akikiuka alipe. Kama kipengele hicho kimo, kuhama kimyakimya kutawagharimu.

Halafu uliza habari za tangi la kupozea. Nani alilinunua, na deni limebaki kiasi gani? Kwetu ugomvi wote ulikuwa hapo. Kiwanda kilikopesha tangi, kikawa kinakata kila mwezi, na wanachama hatukuambiwa.

Hiyo bei mpya nayo msiimeze tu. Ombeni karatasi ya malipo ya mtu anayepeleka huko tayari, muone makato ya usafiri. Maziwa yakiganda kwenye kipimo cha alkoholi (kile cha kuonyesha kama yameanza kuharibika), hasara ni ya nani? Na mvua ikinyesha maziwa yafurike, watachukua ya jioni?

Mkisharidhika, daini mkutano mkuu maalumu kwa maandishi. Kamati ikikaidi, muoneni afisa wa ushirika wa kaunti. Baraza la kuamua migogoro ya ushirika liwe la mwisho.

Mkataba wenu sijauona, kwa hivyo piga picha ukurasa wa makato uuweke hapa.