Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Fundi Umeme na vya Nyumbani

SWALI: Mhariri, kijana wangu ameanza mafunzo ya ufundi umeme hapa Jinja, nami ninahitaji vifaa vya kazi ndogondogo za nyumbani. Duka moja limenionyesha sanduku lenye kila kitu, kuanzia nyundo hadi tepu ya kupimia, kwa bei ambayo katika duka la pili inatosha koleo moja na bisibisi mbili tu zenye maandishi ya 1000 V. Je, muuzaji wa pili ananipunja? (Mama wa fundi, Jinja)

JIBU: Hakupunji, mama, mradi maandishi hayo yawe ya kweli. Plastiki inayovikwa kwenye mipini ya koleo la kawaida imewekwa ili mkono usiteleze, wala haikupimwa kuzuia umeme. Koleo lililotengenezwa kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya IEC 60900 huwa na alama ya pembetatu mbili pamoja na 1000 V, yaani linafaa kwa umeme usiozidi volti 1,000, na kila moja hupimwa kiwandani kwa volti 10,000, ilhali umeme wa majumbani mwetu Uganda ni volti 240.

Kwa kuwa alama ni rahisi kughushi, kishike kifaa chenyewe mkononi kabla ya kulipa. Alama iwe imechapwa kwenye mpini na si karatasi iliyobandikwa. Plastiki isizunguke wala kuvutika ukiipinda. Na chuma cha bisibisi kiwe kimefunikwa hadi karibu na ncha. Vingi vilivyo bora vina tabaka mbili za rangi tofauti, kwa mfano nyekundu juu na njano chini, ili njano ikianza kuonekana mwenye kifaa ajue kwamba kimejeruhiwa. Kifaa cha namna hiyo hakifungwi tepu kikarudishwa kwenye umeme, bali huhamishiwa kazi nyingine.

Kwa kijana ningeanza na koleo hilo, kisha bisibisi bapa yenye ncha ya milimita 3.5, kisha ya nyota namba 2. Watu hudharau bisibisi, nami naona ndiyo inayostahili kuchaguliwa kwa makini kuliko vyote. Ncha isiyolingana na skrubu huteleza na kuharibu kichwa chake, skrubu hubaki haijakaza, waya unalegea, na pahali palipolegea hupata joto kila pasi au jiko la umeme linapowashwa. Ndiyo maana plagi nyingi tunazoziona zina mguu mmoja uliogeuka kahawia. Baadaye aongeze koleo la kumenyea waya, kwa maana anayemenya kwa meno au kisu hukata baadhi ya nyuzi za shaba bila kujua.

Sanduku la duka la kwanza linunue kwa ajili yako: litakaza bawaba na kitasa, litapigilia misumari, ila lisiguse soketi.

SWALI: Je, testa ya bei nafuu, ile yenye kitaa ndani ya mpini, inatosha kuthibitisha kwamba umeme umezimika? (Mpangaji, Mukono)

JIBU: Haitoshi peke yake. Kitaa hicho huwaka kwa umeme mdogo sana unaopita mwilini mwako, hivyo ukivaa viatu vya mpira au ukisimama kwenye jua kali unaweza usione mwanga ilhali waya una umeme. Afadhali kipimo chenye ncha mbili, nacho kijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha pale unapofanyia kazi, kisha tena kwenye ile ya kwanza, ili uhakikishe hakikufa katikati.

Kuna jambo la wapangaji hasa. Yunit za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha nyumba huwa giza, na wako wanaoona hiyo ni nafasi ya kufungua soketi. Lakini mwenzako aliye chumba cha pili akiingiza namba za tokeni, umeme unarudi mikononi mwako papo hapo. Zima swichi kuu, uwaarifu waliomo ndani, ndipo upime. Kubadilisha plagi au fyuzi yake ya ampea 13 unaweza mwenyewe. Kuongeza soketi au kuvuta waya mpya kunahitaji fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda, na kwa nyumba ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba pia.