Tolstoy aanziwe kwa watoto

Jarida limeuliza wiki hii: ni mwandishi gani vitabu vyake havifanani hata kidogo, na anayemsoma kwa mara ya kwanza aanzie wapi?

Jibu langu ni Lev Tolstoy, Mrusi aliyeishi 1828 hadi 1910. Wengi humwendea kupitia Vita na Amani, na hapo ndipo wanapokwama: zaidi ya kurasa elfu moja, kila mhusika ana majina matatu, na wengi wa wahusika hao huingia kwa mkupuo katika karamu moja ya mwanzo. Mimi ningeanzia Mateka wa Kaukazi, hadithi fupi ya watoto ya 1872, kisha ningeruka hadi Sanaa ni Nini?, kitabu cha falsafa kilichotoka robo karne baadaye. Vinaonekana havina uhusiano. Aliyeviunganisha ni Tolstoy mwenyewe: katika sura ya 16 ya Sanaa ni Nini? kuna tanbihi ambamo anahukumu maandishi yake yote ya kisanaa kuwa sanaa mbaya, isipokuwa hadithi mbili. Moja ni Mungu Huuona Ukweli, nyingine ni Mateka. Zote mbili zimo katika kitabu alichowatungia watoto wa wakulima. Vita na Amani haikuponea.

Kitabu hicho cha watoto kiliitwa Azbuka, na kilikuwa cha kujifunzia herufi, hesabu na kusoma. Tolstoy hakukiandika kama burudani ya tajiri. Tangu 1859 alikuwa amefungua shule kwenye shamba lake la Yasnaya Polyana, na 1862 alichapisha makala iliyouliza kama watoto wa wakulima wajifunze kuandika kutoka kwetu, au sisi kutoka kwao. Jibu lake lilielemea upande wa watoto. Toleo la kwanza la Azbuka, 1872, liliuzwa vibaya. Alilifumua, na 1875 akatoa Azbuka Mpya pamoja na vitabu vinne vya kusoma. Hilo ndilo lililoenea.

Mateka ina sura sita, nayo husomeka vizuri kwa sauti. Zhilin, afisa wa jeshi la Urusi linalopigana na wenyeji wa Kaukazi, eneo la milima kusini mwa Urusi, anapata barua ya mama yake mzee na kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Msafara unajikokota juani, naye anaamua kutangulia na mwenzake Kostylin, mtu mnene mwenye bunduki. Wapanda farasi wa milimani wanapotokea, Kostylin anakimbia na bunduki yake. Hatimaye wote wawili wanakamatwa. Zhilin anadaiwa fidia ya rubo 3,000. Anashikilia 500 mpaka wanakubali, kisha anaandika barua na kukosea anwani makusudi, isimfikie mama ambaye hana kitu.

Kuanzia hapo Zhilin tunamjua kwa mikono yake. Anafinyanga wanasesere wa udongo, anatengeneza saa iliyoharibika, anachimba chini ya ukuta wa banda. Mwanasesere anampa Dina, binti wa yule anayemshikilia. Dina anamletea maziwa. Na Zhilin anapotupwa shimoni, ni Dina anayekuja na mti mrefu wa kupandia. Hakuna kitu kilichowekwa kama pambo. Jaribio la kwanza la kutoroka pia lina sababu yake ya kushindwa, na ni sababu ya kawaida kabisa: buti zinamchubua Kostylin, anachechemea, Zhilin anambeba mgongoni, Kostylin anapiga ukelele, wanasikika. Sentensi ni fupi na tashibihi ni chache mno. Tolstoy alimwandikia rafiki yake Strakhov kwamba huo ndio mtindo atakaoutumia hata kwa watu wazima. Mwaka uliofuata alianza Anna Karenina. (Kisa kina mzizi wa kweli: 1853, akiwa jeshini Kaukazi, Tolstoy alifukuzwa na wapanda farasi akiwa na rafiki yake Mchecheni, Sado, wakanusurika.)

Sasa Sanaa ni Nini? Usikisome kwa mpangilio wake. Sura ya kwanza ni nyepesi, inaeleza mazoezi ya opera na matusi anayoyamwaga kiongozi wa muziki. Lakini sura ya 2 hadi ya 4 zinapanga fasili za uzuri za wanafalsafa wa Ulaya, jina baada ya jina, na hapo wasomaji wengi hukifunga kitabu. Ruka hadi ya 5. Humo mna mvulana aliyekutana na mbwamwitu, akarudi kusimulia: msitu ulivyokuwa, alivyokuwa hana habari, mnyama alivyosogea, umbali uliobaki kati yao. Wasikilizaji wakiipata hofu ileile, hiyo ni sanaa, hata kama mbwamwitu ni wa kubuni. Kwa Tolstoy sanaa ni kuambukizana hisia. Sura ya 15 inataja masharti matatu: hisia iwe ya mtu mahususi, ielezwe wazi, na msanii awe ameihisi kweli; la tatu analipa uzito kuliko mengine. Ya 16 inagawa sanaa njema mafungu mawili: ya hisia za kidini za upendo, na ya hisia rahisi zinazomfikia kila mtu. Mfano wake wa fungu la pili ni kisa cha Yusufu na ndugu zake, anachosema kinaeleweka kwa mkulima wa Urusi, Mchina, Mwafrika, mtoto na mzee. Mateka ameiweka humo humo.

Ya 10 na ya 13 ziache baadaye. Ni za ugomvi, dhidi ya washairi wa Ufaransa na opera za Mjerumani Wagner. Zinachekesha, ila ndipo hoja inapolegea. Ulegevu huo umo hata katika ya 16: asipoguswa yeye na Simfoni ya Tisa ya Beethoven, anaihesabu kuwa sanaa mbaya, wala hajiulizi kwa uzito kama kasoro iko kwa msikilizaji.

Kuhusu matoleo: wakaguzi wa maandishi wa serikali ya Urusi walikikatakata kitabu Sanaa ni Nini?, na Tolstoy akatangaza kwamba tafsiri ya Kiingereza ya Aylmer Maude, 1898, ndiyo kamili ya kwanza. Haki zake zimekwisha muda, inapatikana bure mtandaoni.

Baada ya hivyo viwili, soma Hadji Murat, riwaya yake fupi. Aliianza 1896, wakati uleule alipokuwa akiishambulia sanaa ya aina hiyo, akaiandika upya kwa miaka mingi na kuiacha bila kuichapisha. Ilitoka 1912, yeye akiwa ameshakufa. Ni Kaukazi ileile, safari hii kwa watu wazima, na karibu kila ukurasa unabishana na ile tanbihi ya sura ya 16.