Nzi weupe kwenye nyanya: pindua jani kabla ya kubeba pampu

Mkulima mwenzangu wa Ahero, umesema umepiga dawa mara nne ndani ya wiki mbili, na bado ukigusa mche wingu jeupe linainuka. Nimekusoma kwa uchungu, maana hayo yalinikuta hapa Bahati, Nakuru, kwenye grinihausi yangu ya mita 8 kwa 15. Nyanya zilipakaa masizi meusi, na pale soko la Wakulima wanunuzi wakazipita kama hawazioni.

Kabla hujanunua chupa nyingine, chuma jani la chini, ulipindue uelekee kwenye mwanga. Utaona vigamba bapa, vya manjano hafifu, vimeganda wala havitembei. Hao ndio watoto wa nzi weupe, na ndio wanaofyonza utomvu mchana na usiku. Ule unyevu wao mtamu unaodondoka ndio unaoota ukungu mweusi. Mayai yako juu zaidi, chini ya majani machanga. Wewe umekuwa ukiwapiga wazazi wanaoruka, na uzao umekaa salama mgongoni mwa jani. Kutoka yai hadi nzi ni kama wiki 3 au 4, kwa hiyo kila siku kuna wengine wanaotoka.

Mimi niligeuza ncha ya pampu itazame juu, nikaanza kupiga kutoka chini ya mche, jioni jua likishapoa. Nilitumia sabuni ya maji ya kuulia wadudu, halafu mafuta ya mwarobaini, nikirudia kila baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu mayai hayafi kirahisi. Jaribu kwanza kwenye miche miwili usubiri siku moja. Sabuni ikizidi huunguza majani.

Kuhusu dawa za dukani, hapa ndipo wengi tunapotea. Kubadilisha chupa si kubadilisha dawa. Imidaklopridi, asetamipridi na thiamethoksamu ni za ukoo mmoja. Ukizizungusha hizo tatu, wadudu wanaozoea moja wanaweza kuzizoea zote. Soma kiambato kwenye lebo, si jina kubwa la mbele. Na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna, tafadhali ziheshimu, nyanya hizo zinaliwa na watoto wa watu.

Tena dawa kali za kuua kila kitu zinaua pia wadudu rafiki, na utitiri mwekundu, vidudu vidogo sana vinavyofyonza majani, hupata nafasi. Wakulima wa waridi kule Naivasha huachilia utitiri rafiki unaokula ule mwekundu kwenye maua yao, kwa hiyo kutumia wadudu rafiki si ndoto.

Mitego ya manjano yenye gundi ninaitundika juu kidogo ya vilele, naipandisha miche inavyorefuka. Haimalizi wadudu, lakini inanionyesha mapema wanaingilia upande gani. Kwangu ilikuwa ni mlangoni, nikaweka mlango wa pili wa neti, mmoja unafungwa ndipo mwingine ufunguliwe. Awamu iliyofuata niliikagua miche ya kitalu jani kwa jani kabla ya kuiingiza, kwa sababu ile ya kwanza niliyonunua ilikuja nao.

Ile miche ya zamani uliyosema imebaki pembeni, ing'oe leo, uifunge kwenye mfuko wa plastiki humo humo ndani kabla ya kuitoa. Ukiiburuta nje wazi, nzi wote wataruka na kuhamia kwenye miche yako michanga.